Herufi Tatu za Hollis

Hollis Gaddy alipotaka chumvi, aliimba. Alipotaka kupelekwa msalani aliimba, na alipochoshwa na televisheni aliimba vilevile, na siku zote aliimba mstari uleule mmoja: Usiniache niende. Kiharusi kilikuwa kimempokonya maneno yote, na mtu yule alikuwa nayo mengi, kikamwachia huo mstari tu, safi, bila kukwama hata silabi. Daktari alieleza kwamba si jambo geni. Maneno ya kusema hukaa upande huu wa ubongo na ya kuimba upande ule, na upande ule haukuguswa. Mkewe, Verlene, aliitikia kwa kichwa kwa adabu. Moyoni alijisemea kwamba kati ya nyimbo zote duniani, pamoja na zile za kanisani, Mungu naye ana utani wake.

Kwa miaka mitatu alikuwa amejifunza kuutafsiri. Ukiimbwa harakaharaka, ni msalani. Ukivutwa mwishoni, chakula hakina chumvi. Kulikuwa na namna ya tatu, ya sauti ya chini, Hollis akiwa amegeuzia macho dirishani kwenye ziwa. Hiyo Verlene hakuijua maana yake na hakujisumbua kuitafuta.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa Verlene. Aliutunga yeye, akauimba yeye, mwaka 1978, na kwa wiki tisa hungeweza kuwasha redio mahali popote Marekani bila kumsikia Verlene Gaddy, nyuma yake fidla ishirini zikilia, akimsihi mtu asimwache aende. Sasa alikuwa na miaka sitini na minane, na bado hakuweza kufika kwenye maziwa dukani hapo Hendersonville bila kushikwa mkono.

“Bi Verlene! Mimi na Dwight tulicheza wimbo wako siku ya harusi yetu. Thelathini mwaka huu!”

“Hongereni, mpenzi. Na Dwight hajambo?”

“Yumo kwenye gari, anakoroma.”

Naye Verlene alitabasamu, akaweka sahihi nyuma ya orodha ya manunuzi, akasukuma toroli lake. Wangejua hao! Nusu ya Tennessee ilikuwa imeozwa kwa wimbo wa kuomba kuachwa.

Maana Verlene hakuandika Usiniache. Aliandika Niache niende. Alikuwa na miaka ishirini na saba wakati ule, mke wa Hollis kwa miaka minne, na Hollis ndiye aliyekuwa prodyuza wake, tena ndiye aliyemchagulia gauni, rangi ya nywele, marafiki, na saa ya kulala. Hakuwahi kumpiga. Watu wakisikia hakuwahi kumpiga huona basi hakuna neno. Lakini kuna nyumba ambazo mwanamke akitaka kusogeza kiti kutoka ukutani hadi dirishani itabidi atafute siku tatu jinsi ya kuanza mazungumzo, na Verlene aliishi katika nyumba ya namna hiyo. Mdomo ulikuwa mzito kusema, ndipo akatunga. Chini ya kitanda kulikuwa na sanduku la bluu lililokwisha kupangwa nguo. Siku moja Hollis akiwa safarini alikaa mezani jikoni na gitaa lake, akauimba wimbo wote kwenye kaseti, akampelekea Odell Pettus, mpiga gitaa wao, aende akajifunze. Hesabu yake ilikuwa hii: ataimba studio mbele ya wanaume tisa, Hollis akiwa ameketi nyuma ya kioo, na akishasikia mbele za watu hataweza kujifanya hakusikia. Hapo ndipo alipokosea, kwa sababu aliyefanya hesabu hiyo hakumjua mumewe.

Walirekodi Muscle Shoals, Alabama. Kikao cha kurekodi hudumu saa tatu, basi. Zikiisha wapigaji hufunga vyombo, wimbo uwe umekamilika au haujakamilika. Zilikuwa zimebaki dakika ishirini walipoufikia huo wimbo, wa mwisho siku hiyo. Kabla ya neno niache Verlene alikuwa ameacha nafasi ya pigo moja, kimya kitupu, pale mtu anapovuta pumzi kabla ya kutamka neno zito. Waliupitia mara ya kwanza. Walipomaliza, Odell alikuwa ameinamia gitaa lake na hakuinua kichwa. Nyuma ya kioo Hollis akabonyeza kitufe, na sauti yake ikaingia masikioni mwa kila mtu aliyevaa hedifoni.

“Usi, Verlene. Umesahau usi.”

Kwa upole kabisa, jinsi mwalimu anavyomkumbusha mwanafunzi aliyeruka mstari. Verlene akaitazama karatasi yake, mwandiko wake mwenyewe, usi haikuwepo. Akawatazama wale wanaume, na kila mmoja ghafla akawa na shughuli na nyuzi zake. Saa ya ukutani haikusimama. Akavuta pumzi, akaimba Usiniache niende, na ile usi ikakaa sawasawa kwenye ile nafasi ya kimya, utadhani ilipimwa. Hawakuhitaji kurudia. Na kwa kuwa desturi ya watu wale ni kwamba anayeongeza neno studio naye ni mtunzi, sahani ya santuri ilipotoka iliandikwa watunzi wawili, Verlene Gaddy na Hollis Gaddy. Mchango wa Hollis ulikuwa herufi tatu.

Sanduku la bluu lilifunguliwa wiki ya pili yake, kwa sababu alihitaji gauni la kuvalia kwenye televisheni. Baada ya hapo ilikuwa ziara, na baada ya ziara ziara nyingine. Angemwachaje mume, mwanamke ambaye nchi nzima ilimsikia akisihi? Kila mji aliofika alikuta wanandoa wameshikana mikono wakimngoja, na kila jioni aliwaimbia, na kila alipoimba alijipigilia msumari mwingine. Hawakujaliwa watoto. Hollis hakuwahi kuitaja siku ile ya studio, na Verlene naye hakuitaja, na hivyo ndivyo miaka arobaini na mmoja inavyopita.

Alhamisi moja ya Machi mwaka 2019, Odell Pettus alipiga hodi mlango wa jikoni. Alikuwa na miaka sabini na minne sasa, amepinda mgongo, na siku hizi alipiga lile gitaa la chuma linalolazwa na kuchezwa kwa kukaa, ambalo bila hilo muziki wa kantri hauwezi kulia vizuri. Nyuma yake alisimama msichana mwenye buti za ngozi: Delaney Stroud, mwimbaji wa kantri kutoka milima ya Kentucky, ambaye hata Verlene alikuwa amemsikia redioni mara mbili tatu.

“Samahani kukuvamia, Bi Verlene,” alisema Delaney.

“Karibu, mpenzi. Futa buti zako. Odell, wewe unalijua jagi la chai lilipo.”

Hollis alikuwa mezani kwenye kiti chake cha magurudumu, mbele yake bakuli la uji mzito wa mahindi wenye siagi. Odell alimshika bega. Kisha akatoa mfukoni kaseti iliyochubuka.

“Mke wangu amesafisha gereji. Ilikuwa ndani ya sanduku la spana.”

“Nikamwambia aniwekee,” Delaney alidakia. “Bi Verlene, sijalala vizuri tangu siku hiyo.”

Alikuja na redio-kaseti yake. Akaiweka karibu na bakuli la uji, akabonyeza. Friji la mwaka ule likanguruma kwanza. Verlene alilitambua kabla hajajitambua mwenyewe. Kisha ikaja sauti ya msichana, nyembamba, isiyo na fidla hata moja nyuma yake. Ikafika pale. Pumzi. Niache niende.

Kijiko cha Hollis kilisimama njiani.

“Huyu ni wewe?” Delaney aliuliza.

“Ni mimi.”

“Sasa mbona huku unaomba kuondoka?”

Verlene alimtazama Hollis kwanza. Ilikuwa tabia, kwa miaka arobaini na mitano hakuwahi kujibu swali la mgeni bila kumtazama Hollis kwanza. “Ulikuwa wimbo tu,” akasema.

“Wimbo tu! Mama yangu ameolewa mara tatu, na mara zote tatu wamepiga wimbo wako. Angesikia huu asingeolewa hata mara moja!”

Odell alicheka mpaka chai ikampalia. Delaney hakucheka. Alieleza alichokijia: alitaka kuuimba wimbo kikantri, lakini huu wa kwenye kaseti, na nafasi yake ya kimya, na Niache niende yake. Ule wa redioni angeweza kuurudia bila kumbembeleza mtu. Ila kutoa neno, hata kipande cha neno, wenye wimbo wote lazima waridhie kwa sahihi.

“Wote wawili,” alisema, na akatoa karatasi.

Jikoni wote wakamgeukia Hollis. Masikio yake hayakuwa na kasoro, wala akili. Daktari alikuwa amelisema hilo mara nyingi, na Verlene hakujua kama ilikuwa habari njema. Hollis aliitazama karatasi. Kisha akaimba, akiuvuta mwisho, “Usiniache niende.”

“Anasemaje?” aliuliza Odell.

“Anataka chumvi,” alisema Verlene.

Lakini uji ulikuwa na chumvi ya kutosha, aliitia yeye mwenyewe.

Verlene alitia sahihi yake siku ileile kabla wageni hawajafika getini. Karatasi ikabaki mezani, imekandamizwa na kichupa cha chumvi, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila asubuhi alimwekea Hollis kalamu katika mkono wa kushoto, ule uliobaki na nguvu, na kila asubuhi Hollis aliiachia ikabingirika mpaka sakafuni. Verlene aliinama akaiokota. Alishangaa jinsi alivyokitaka kitu kile, mwanamke wa umri wake. Hakuwa ametaka kitu kwa miaka mingi zaidi ya magoti yasiyouma, na sasa aliamka anakitaka, anaosha vyombo anakitaka, anakitaka mpaka aibu. Herufi tatu zitoke. Mara moja tu kabla hajafa, mahali fulani duniani, isikike alichokisema.

Odell alipiga simu. “Si unamwekea sahihi kila kitu? Hospitali, dawa, kanisani?”

“Namwekea.”

“Basi na hii mwekee, yaishe. Nani atajua?”

“Mimi.”

“Verlene, dada yangu, we mkaidi.”

“Odell, ruhusa nitakayojiandikia mwenyewe nitaifanyia nini?”

Odell akamuuliza habari za magoti.

Ilikuwa asubuhi ya Jumanne, Verlene anamnyoa mumewe mbele ya dirisha, taulo shingoni, wembe umefika chini ya kidevu. Hakuwa amepanga. Labda ni kwa sababu katika hali ile Hollis hakuweza hata kugeuza kichwa.

“Sikusahau,” alisema.

Macho ya Hollis yakamjia.

“Ile usi. Siku ile Muscle Shoals. Sikuisahau, Hollis. Haikuwepo. Nilikuwa nakuaga, na wewe ulijua nakuaga, ukaniambia nimesahau.”

Hollis akaimba. Ilikuwa ile namna ya tatu, ya chini, nayo safari hii hakuwa akitazama ziwa. “Usiniache niende.”

“Hilo nalijua!” Verlene alisema kwa sauti iliyomshtua mwenyewe, akauondoa wembe haraka shingoni mwa mtu. “Miaka arobaini na mmoja nalijua, maana ni mimi niliyekuwa nalisema!”

Na alipolisema ndipo alipolisikia. Yule mwanamume hakuwahi kuomba kitu maishani mwake. Aliagiza, alipanga, alibonyeza kitufe. Mara moja tu alikuwa na ombi, na hata hilo hakuweza kuliomba mwenyewe. Alilitia kinywani mwa mkewe, akamwacha azunguke nalo nchi nzima akiomba kwa niaba yake, kila jioni, mbele ya watu waliolipa. Usi haikuwa sahihisho. Ilikuwa jibu lake. Verlene alisimama na wembe wenye povu akingoja huruma imwingie, kwa sababu alidhani ndivyo inavyotakiwa. Kilichoingia ni hasira, safi, mpya kabisa. Kwa nini hakusema? Siku zile alikuwa na maneno yote duniani!

Alimaliza kumnyoa. Alipomfuta povu, Hollis alielekeza kidevu mezani. Verlene alidhani ni uji. Hollis akaelekeza tena, akatoa mkono wa kushoto juu ya blanketi, vidole wazi.

Kuweka sahihi kulimchukua muda mrefu. Herufi zilipanda mlima, zikashuka, jina la ukoo likatoka nje ya mstari. Verlene hakumshika mkono.

Delaney alirekodi wimbo Nashville mwishoni mwa Aprili, saa nne asubuhi. Alimwomba Verlene aje aimbe sauti ya pili, chini ya ya kwake. Studio ilikuwa ndogo, yenye mazulia ukutani, na vijana waliopiga vyombo walimwita mama kila sentensi. Kila mmoja alikuwa na karatasi ya namba mbele yake, moja, nne, tano, kwa maana watu wa Nashville hawaandiki noti, huandika namba. Kabla ya kila niache, Odell alikuwa amechora duara tupu kwa kalamu nyekundu. Hapo hakuna anayegusa kitu.

Delaney aliimba kwanza peke yake. Hakuupamba. Aliusema tu, kimilima-milima, na gitaa la Odell likamfuata kwa mbali, na kila walipofika kwenye duara jekundu chumba kizima kilizuia pumzi. Verlene alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Hivyo ndivyo ulivyokuwa. Hakuwa amechanganyikiwa, hakuwa mtunzi mbaya, ulikuwa umekamilika tangu mwanzo.

Kisha ikawa zamu yake. Akavaa hedifoni, akasimama mbele ya kipaza sauti, muziki ukaanza, likaja duara jekundu, na kinywa chake kikasema usi.

Walisimamisha. “Mazoea hayo, Bi Verlene,” alisema Delaney akicheka.

Mara ya pili aliliona duara likija, akalikodolea macho, na usi ikatoka. Mara ya tatu alijiuma ulimi, na usi ikatoka na maumivu juu yake. Hakuna aliyecheka sasa. Fundi mitambo, kijana mwenye kofia, alisema kupitia spika, “Usijali, mama. Nitaifuta mimi, kubonyeza tu.”

“Usiguse hicho kitufe!” alisema Verlene.

Kijana akainua mikono yote miwili. Odell akaliacha gitaa lake, akaja polepole na mgongo wake uliopinda, akasimama kando yake.

“Siku ile nilisikia,” alimwambia kwa sauti ndogo. “Wote tulisikia. Nami nikajifanya nakaza nyuzi.”

“Nilikuona.”

“Basi leo sikazi kitu. Ziba mdomo, Verlene. Ukifika kwenye duara, ziba kwa mkono.”

Alifanya hivyo. Akiwa na miaka sitini na minane alisimama studio na kiganja mdomoni, muziki ukafika kwenye kimya, usi ikampiga kiganjani ikakosa njia, na alipokitoa kiganja yakatoka maneno mawili tu. Niache niende. Nyuma ya kioo Delaney alikuwa analia waziwazi. Verlene alingoja kujisikia mwepesi. Alikuwa na hakika kwamba atajisikia mwepesi. Lakini ilikuwa saa nane kasorobo, na jirani aliyemkalia Hollis alikuwa na miadi ya meno saa tisa, kwa hiyo alichukua mkoba wake akaendesha gari kurudi nyumbani.

Wakati wa joto Hollis alianza kuisha. Moyo, walisema, na baadaye mapafu. Kitanda kikahamishiwa sebuleni, mbele ya dirisha la ziwa, na mara mbili kwa wiki akaja muuguzi, Bi Ernestine, mwanamke mnene mwenye mikono ya taratibu ambaye kazi yake ilikuwa wagonjwa wasiotazamiwa kupona. Katikati ya Julai Hollis aliacha kuimba. Verlene hakujua jinsi nyumba inavyoweza kunyamaza. Alitia chumvi kwa kukisia. Alimpeleka msalani kwa kukisia. Mara nyingine alisimama mlangoni akaanza yeye ule mstari, ili kumchokoza, na Hollis alimtazama tu akageuzia uso ukutani, kama alivyoanza kukigeuzia kijiko pia.

Bi Ernestine alimvuta jikoni. “Bi Verlene, wengine hungoja ruhusa. Nimewaona wengi. Mtu amechoka, lakini hathubutu mpaka aliye karibu naye amwambie anaweza kwenda. Mwambie tu.”

“Hajamaliza uji wake,” alisema Verlene.

“Mama.”

“Nimesema hajamaliza uji wake.” Akachukua bakuli, akarudi sebuleni, akamlisha mtu asiyetaka kula vijiko vinne, kimoja kimoja, akimfuta kila kimoja kilichorudi. Kila asubuhi alifanya hivyo, Agosti yote, Septemba yote. Alimgeuza ili asipate vidonda, akambadilishia shuka, akamsugua miguu, akamgombeza. Alimsemea hata hamu aliyokuwa hana. “Huyu leo anataka supu,” aliwaambia wanawake wa kanisani walioleta vyakula, “huyu anangoja mpira wa Jumamosi.” Na Hollis alilala pale, akisikiliza alichotaka.

Wimbo ulitoka Oktoba. Delaney alipiga simu kusema utachezwa redioni baada ya habari za saa tatu asubuhi, na sauti yake ilikuwa juu kama ya mtu anayejifungua. Verlene akaweka redio ya jikoni juu ya kabati la sebuleni, akavuta kiti. Alikuwa ameshika bakuli la uji. Ziwa lilikuwa limetulia, na Hollis alikuwa ameinuliwa kwenye mito mitatu, amenyolewa, amechanwa nywele.

Gitaa la Odell lilianza. Kisha Delaney, akisema tu. Likaja duara jekundu, kimya cha pigo moja kikapita juu ya majimbo yote, na sauti mbili za wanawake zikasema, Niache niende. Verlene alisahau bakuli. Hiyo ndiyo. Aliisikia mwenyewe, na wengine wote walikuwa wanaisikia, akina Dwight na wake zao, kwenye magari na madukani. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Kwenye kiitikio cha pili alikuwa anaimba pamoja na redio, bila mkono mdomoni, na kimya kilipofika alikiacha kipite. Ilikuwa rahisi.

Ndipo alipoisikia sauti ya tatu.

Ilikuwa nyembamba, na pumzi nyingi kuliko sauti, lakini ilikuwa ndani ya wimbo. Hollis alikuwa anaimba. Kilikuwa kimekuja kiitikio cha mwisho, na Verlene aliona midomo yake ikijifunga kwenye ile nafasi ya kimya, Hollis akiihesabu barabara, prodyuza mpaka mwisho, kisha ikafunguka.

“Niache niende.”

Hakuwa anatazama ziwa. Alikuwa anamtazama yeye. Wimbo ulikwisha, mtangazaji akaanza kuropoka, na Hollis akavuta pumzi, akaiacha nafasi ya pigo moja, akasema tena bila muziki wowote, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mitatu na nusu kusema kitu bila kukiimba.

“Niache niende.”

Haikuwa chumvi. Haikuwa msalani. Verlene alikuwa amengoja miaka arobaini na mmoja kuyasikia maneno yale katika kinywa kile, na alidhani yatakuja kama ufunguo. Sasa yamekuja, na ufunguo ulikuwa mkononi mwake mwenyewe, na vidole havikutaka kufunguka. Aliweka bakuli chini. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akamfuta kidevu kilichokuwa kikavu. Kisha akamwinamia, na kwa upole kabisa, jinsi mwalimu anavyomkumbusha mwanafunzi aliyeruka mstari, akasema:

“Usi, Hollis. Umesahau usi.”

Hollis akatikisa kichwa. Hakuwa amesahau.